Miezi Sita ya Kutoandikwa

Mtaani walimwita Mama Vifungo, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake na kifungo kinachocheza. Miaka ishirini na miwili alikanyaga cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, pini midomoni, miguu ikienda hata alipokuwa anasengenya.

Kadi ya matibabu aliuziwa na mdogo wake wa kiume, wakala wa bima. Ilikuwa ya bei nafuu, kwa maradhi makubwa tu: kulazwa na kupasuliwa.

"Hii si kadi ya mafua, dada. Ni ya siku maji yakifika shingoni."

"Mimi yako kidevuni tayari. Niandike, bwana mkubwa."

Fomu iliuliza kama ana sukari. Hakuwahi kupimwa, akajibu hapana, na hakusema uongo. Kadi ingeanza kazi baada ya miezi sita.

Mwezi wa pili kidonda kikachomoza chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kipande cha shati la mteja, akaendelea kukanyaga. Mwezi wa tatu kikaanza kunuka. Akavaa soksi mbili.

"Niende zahanati?" alimuuliza mdogo wake.

Kijana akajibu kama wakala, huku akidhani anajibu kama ndugu. "Ukienda sasa watakupima, wataandika sukari. Kampuni ikiona uliugua kabla ya miezi sita, hawalipi kitu. Vumilia, dada. Usiandikwe."

Akavumilia. Wateja walipouliza mbona anachechemea, alicheka: "Naringa! Mwenzenu nina bima." Jioni alifunga mlango, akakaa na mguu wake ndani ya beseni, akihesabu wiki zilizobaki kabla ya kuruhusiwa kuugua. Sijui upweke unaozidi huo.

Siku muda ulipotimia, mdogo wake alimpeleka hospitali. Daktari alifungua kitambaa, akakiinamia kidonda.

"Mama, ungekuja mapema tungekisafisha tu, ukarudi nyumbani."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Bima ililipa kila kitu, hata magongo. Karani wa hospitali alimpa mdogo mtu mkono wa hongera: wengine huuza viwanja, alisema, nyie mna bahati.

Kule kibarazani, cherehani ilikwisha kuchukuliwa na fundi mwingine. Nyumbani, Mama Vifungo alikaa kitandani, karatasi ya daktari mapajani: dawa za sukari, kila siku, maisha yake yote.

"Hizi zimo kwenye kadi?"

Mdogo wake alitazama sakafu. "Hazimo. Nitajaribu za mwezi huu."

"Na mwezi ujao? Hiyo kadi itanisaidia tena lini?"

"Mpaka ulazwe tena, dada."

Safari hii hakutania. Aliutazama mguu uliobaki, muda mrefu, kisha akauvutia shuka.