Keki Iliyokosea Harusi

Mume wangu haulizi njia. Tangu anioe, kila safari yetu ya kutoka Nakuru hugeuka ziara ya mahali ambapo hatukuwa tunaenda, na mimi, ambaye mdomo wangu haujui kupumzika, humpa maneno yake njia nzima. Lakini siku ya harusi ya mdogo wangu alikuwa na sababu. Hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Tulipopita Molo ukungu ulitumeza, hata ng'ombe wa kando ya barabara tuliwajua kwa sauti tu.

Harusi ilikuwa ng'ambo ya Keringet, kwao bwana harusi. Jamaa wengine wote walikuwa wametangulia kanisani. Sisi wawili tulipewa kazi moja: keki ifike nyumbani kwa wakwe kabla maharusi hawajatoka kanisani. Nilikuwa nimeioka mwenyewe, na haikuwa keki moja. Keki ya harusi siku hizi ni ukoo mzima. Kuna ile kubwa ya kukatwa, halafu kuna ndogo zenye wenyewe: ya wazazi wa bwana harusi, ya kanisa, na ya mama ya bibi harusi, ambayo binti humpelekea mamake akiwa amepiga magoti mbele ya watu wote. Mama yetu alishatutangulia mbele za haki. Mdogo wangu akasema basi hiyo ya mama ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemsuka, nikamchapa, nikampeleka shule. Nilijifanya sijali. Ukweli ni kwamba ile ndogo niliipaka krimu nikilia.

Barabara ilipogawanyika, tuliona mbele yetu gari lenye riboni nyeupe.

"Fuata hao," nikasema.

Akafuata. Nakubali niliyesema ni mimi, lakini usukani ulikuwa wake.

Gari lile lilituongoza hadi kwenye boma lenye hema, moshi wa jikoni na matope ya kutosha kuzamisha magurudumu yetu papo hapo getini. Wanawake wenye eproni za kufanana wakatujia mbio, wakasema asante Mungu, keki imefika, karibuni wakwe. Kabla sijafunga mlango wa gari, keki ilikuwa juu ya meza chini ya hema, imezungushiwa maua.

Sikumjua hata mmoja wao, na hilo halikunishangaza. Walipokuja kwetu kuposa, walikuja wazee wachache tu, na hao sasa walikuwa kanisani. Tena kwa wakwe huulizi maswali. Kwa wakwe unakunja miguu, unakula unachopewa, unasema asante. Hata mdomo wangu ulijua hivyo. Shangazi ya bwana harusi, mama mmoja mnene aliyeendesha jikoni kwa kidole, alinikalisha karibu na moto, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, na kila nikimaliza anaongeza.

Nilikuwa najisifu moyoni kwamba tumepata wakwe wazuri, ndipo wanaume wakapandisha bango la picha ya maharusi. Bibi harusi alikuwa msichana mrembo, ana pengo kwenye meno ya mbele, anacheka bila kulificha. Hakuwa mdogo wangu.

Mume wangu alitazama bango, akanitazama mimi, akatazama chai yake.

Nilimvuta shangazi kando. "Mama, tumepotea. Hii si harusi yetu."

Aligeuka akaangalia ile meza. Kumbe keki yao iliahidiwa na watu wa bibi harusi, na tangu asubuhi simu zao zilikuwa zimezimwa. Tulipoingia sisi, alidhani ndio hao. Niliogopa, sitadanganya. Keki ilikuwa mezani kwake, gari letu limezama getini kwake, na mdogo wangu alikuwa karibu kutoka kanisani. Mama huyu angesema tu ngojeni kidogo, yangekuwa yamekwisha.

"Yenu ni kwa nani?" akauliza.

Nikamwelezea nilichojua: nyumba iko karibu na shule, baba mtu anafuga kondoo wengi.

"Hao nawajua. Ni ng'ambo ya hili bonde." Akafungua eproni yake. "Shusheni keki."

"Na sisi je?" mwenzake akauliza.

"Sisi tuko na chapati. Shusheni."

Trekta iliyoleta kuni ikafungwa kamba kwa gari letu. Shangazi aliingia kiti cha nyuma na nguo zake za harusi, akapakata keki kubwa, na njia nzima alimwambia mume wangu apunguze mwendo, ingawa gari lilikuwa linavutwa.

Tulipofika kwa wakwe wetu wa kweli, honi za msafara zilikuwa zinasikika kwa mbali. Tukapanga keki haraka. Shangazi akafuta krimu kwenye mkono wake, akageuka aende. Nikatazama ile ndogo nyeupe, nikaichukua, nikamwekea mikononi.

"Hii haina mwenyewe?"

"Ni yangu," nikasema.

Alitaka kukataa, lakini msafara ulikuwa unaingia. Akapanda trekta ameikumbatia.

Zamu yangu ilipofika, mdogo wangu alitafuta keki ya mama mezani akaikosa. Nikamnong'oneza iliko. Alicheka mpaka shela ikamtoka, kisha akapiga magoti hivyo hivyo, mikono mitupu, na mimi nikalia mbele ya wakwe bila haya.

Tukiwa tunajiandaa kurudi, trekta ikaja tena. Dereva akashuka na kifurushi cha foili.

"Ni ya mama aliyeleta keki," akasema. "Watu wa bibi harusi wetu hawakufika hata mmoja. Bibi harusi akasema keki ya upande wake imeletwa na wewe, kwa hivyo mama yake leo ni wewe. Amempigia shangazi magoti, shangazi akakupokelea."

Nilifungua foili palepale kwenye matope. Kilikuwa kipande cha keki yangu mwenyewe, kimebonyea upande mmoja, na nilikila chote nimesimama. Yule msichana wa pengo simjui jina hadi leo. Lakini watu wakiniuliza nimeoza mabinti wangapi, nawaambia wawili, wote Keringet, na mume wangu hanisahihishi.