Barua Zilizokula Moshi kwa Bitutu

Wanawake wa Kiogoro walikuwa na vya kujivunia: huyu ng'ombe, yule mabinti. Bitutu alijivunia barua, tena za watu wengine, na hakuona haya kusema hivyo.

Ilianza miaka ya thelathini, majirani zake walipohamia Nyacheki kufyeka msitu uliokuwa wa nyani na nguruwe mwitu. Wachache waliojua kuandika waliwaandikia wenzao waliobaki Kiogoro, na kwa kuwa Bitutu alikuwa amesomeshwa na Wasabato, barua zililetwa kwake azisome. Zikishasomwa, wazee walitaka kuzisokotea tumbaku. Weee, kwa Bitutu? Alizinyakua, akazitia kapuni, akalipandisha kapu darini juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu kama unavyolinda mbegu. Zikageuka rangi, lakini hata mchwa mmoja hakuzionja.

Mwaka wa hamsini na sita watu wa Nyacheki walijenga kanisa la mabati, wakataka siku ya kulifungua wasomewe habari za wazee wao waliotangulia. Wakamtuma karani wao Obadiah, mwana wa marehemu Machogu, akazichukue barua. Kijana alizipekua mchana kutwa, akazitenga mafungu mawili.

"Magokoro," alisema, akimwita bibi kwa heshima ya Kigusii, "hizi za ushujaa nitazibeba. Hizi za kuombaomba tuzitie motoni. Zitatuaibisha."

Bitutu aliumia moyoni. Aliona kazi ya maisha yake ikitaka kukatwa nusu.

"Walioomba ndio hao hao waliofyeka," alisema.

 Mkononi Obadiah alishika barua ya baba yake. Machogu, ambaye Nyacheki nzima ilimsifu kuwa msitu ulimwogopa, alikuwa ameandika: Nimekula mbegu. Na kwa Wagusii, mwenye kula mbegu za wimbi hana uso wa kuonyesha watu, heri mwizi.

"Hiyo ni ya baba yako, sina nguvu ya kukuzuia," Bitutu alisema. "Moto huo hapo. Ila isome yote kwanza."

Obadiah akaisoma kwa sauti. "Mke wangu amejifungua, na kwa njaa hii maziwa hayatoki. Nimesaga mbegu, amekunywa uji. Sasa mtoto ananyonya. Nitumieni nyingine, na mkitaka kunicheka, nichekeni."

Mtoto huyo alikuwa Obadiah mwenyewe. 

"Mlimcheka?" akauliza.

"Tulimcheka sana," Bitutu alijibu, kidevu juu. "Kisha nikajitwika wimbi, nikampelekea kwa miguu yangu hii."

Kijana alikusanya mafungu yote mawili, akayarudisha kapuni. Barua ya baba yake aliikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Siku ya kufungua kanisa utakaa mbele, Magokoro," alisema. "Nitaanza na hii."