Uwanja Uliokosa Wakwe

Watu wakiniuliza niliingiaje kwenye biashara ya kukodisha uwanja wa sherehe, wanatarajia habari za mkopo wa chama au semina ya wajasiriamali. Ukweli ni kwamba nilianza kwa sababu wakwe hawakuja. Walikuwa waje kwetu Kiamunyi, kutoka upande wa Ol Kalou, kuleta mahari yangu, siku ambayo sisi huiita ruracio. Mama aling'oa shamba lake la viazi lililokuwa mbele ya nyumba, akalisawazisha, akapanda nyasi, maana alisema hawezi kupokea watu wa maana juu ya matuta. Nyasi zikashika vizuri. Mahema yakasimamishwa, viti vikavalishwa vitambaa, na mimi nikafichwa chumbani kama desturi inavyotaka.

Desturi inataka pia lango lifungwe. Wageni wakifika, wanawake wa kwetu wanaimba kutoka ndani kwamba hawawajui. Wageni nao wanaimba kutoka nje kwamba wametoka mbali na wanaomba kufunguliwa. Mabishano hayo ya nyimbo huendelea hadi walio ndani waridhike. Siku yangu, wanawake walijipanga nyuma ya lango tangu asubuhi, wamevaa sare, sauti zimefanyiwa mazoezi wiki nzima. Kutoka chumbani nilikuwa nawasikia wakikohoa. Walisubiri mpaka chakula kikapoa. Halafu ujumbe wa mchumba wangu ukaingia kwenye simu yangu, maneno machache tu, kwamba hawatakuja na nisimtafute. Sijui sababu mpaka leo, na nimeacha kuiuliza.

Wanawake walikula, kwa kuwa chakula hakikuwa na kosa, wakaondoka kwa upole mwingi. Upole wao uliniumiza kuliko ule ujumbe.

Siku chache baadaye jirani yetu, mama asiyejua kuzungusha maneno, alichungulia juu ya ua wa kayaba.

"Hizo nyasi zitakaa tu bure?" aliuliza. "Kijana wangu anagraduate na kwangu ni matope. Si unikodishie."

Mama aliona ni matusi, akaingia ndani. Mimi nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka kuutazama uwanja ule dirishani, mtupu, umepambwa na kijani chake chote.

Biashara imelipa, sioni haja ya kujifanya mnyenyekevu. Mtu akitaka ushauri wangu nitampa bila kumficha kitu: anza na vyoo. Bibi harusi hukumbuka maua, lakini mashangazi hukumbuka vyoo, na mashangazi ndio wanaochagua uwanja. Mwaga moramu, ule udongo wa changarawe, pale magari yanapoegeshwa, la sivyo utakuwa unasukuma gari la mchungaji ukiwa na viatu vya kanisani. Mvua yetu hupenda kushuka mchana kutoka upande wa Menengai, kwa hiyo hema kuu likae sehemu ya juu. Nunua jenereta, maana stima ina tabia ya kupotea keki ikiletwa. Na DJ mwambie mapema saa ya kuzima muziki, umwambie mbele ya yule anayemlipa. Hayo yote nilijifunza kwa kuaibika. Wateja wa kwanza walikuwa majirani, kisha wa makanisa ya mjini, na nilipoanza kupigiwa simu kutoka mbali kama Ndabibi nilijua jina limetoka.

Mama alifariki biashara ikiwa tayari imesimama imara. Ndugu zangu wana miji yao, mbali, na simu zao ni za sikukuu. Nikabaki na nyumba, uwanja, na viti vingi kuliko watu ninaowajua.

Hapo ndipo watu hukosea wakinionea wivu. Wanadhani mwenye uwanja wa sherehe anaishi kwenye sherehe. Kila Jumamosi kwangu kuna watu wanaocheka, watoto wanaokimbizana, wazee wanaotoa hotuba ambazo sasa naweza kuzimalizia. Mimi niko jikoni. Wapishi huniletea sahani yangu, imefunikwa na sahani nyingine, wanasema "chakula ya mwenye place" na kuondoka haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Naila nikiwa nimesimama dirishani. Jumapili nakunja vitambaa. Jumatatu hadi Ijumaa mtu anayeongea nami zaidi ni yule anayeleta maji, na yeye haongei sana.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja, wala si kikubwa: siku moja tu niketi kwenye sherehe pale uwanjani kwangu kama mtu wao. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Na ruracio ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Lango likianza kuimbiwa, nilikuwa nafungua mfereji wa maji jikoni na kusugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa, mpaka nisikie limefunguliwa.

Mwaka jana akaja msichana mmoja kuulizia uwanja wa ruracio yake, ameongozana na shangazi yake. Wazazi wake walikuwa wamefariki wote wawili, na shangazi ndiye aliyebaki kusimamia mambo. Nilimpenda yule shangazi kwa sababu aliomba kuona vyoo kwanza.

Siku yao ilipofika niliona shida mapema. Upande wa bibi harusi walikuwa wachache: shangazi mwenyewe, akina mama wawili watatu wa kanisa, na marafiki wa kazini wenye kucha ndefu. Wageni wakafika na mabasi. Wakaanza kuimba huko nje mpaka mbwa wa jirani akanyamaza. Wa kwetu walijibu, nasema wa kwetu kwa mazoea tu, lakini sauti zao hazikufika hata kwenye barabara. Ni aibu hiyo. Msichana asiye na sauti langoni anaonekana hana watu. Nikafungua mfereji.

Shangazi aliingia jikoni bila kubisha, jasho limemtoka.

"Mathe, utanisaidia," alisema. "Hao watu wamekuja ni kama crusade. Hawa wasichana wangu wanajua tu chorus. Wewe unazijua hizi nyimbo?"

"Nazijua."

"Basi kuja. Achana na sufuria."

Alinifunga leso begani yeye mwenyewe, akanivuta mkono. Sikuwa nimewahi kukaribia lango langu likiwa linaimbiwa, lakini nilipofungua mdomo, sauti ilitoka kana kwamba ilikuwa imepanga foleni. Wageni wakaimba kwamba wametoka mbali. Nikawajibu kwamba waliotoka mbali wana tabia ya kupotea njia, waangalie vizuri kama ni hapa. Wakaimba kwamba wamechoka. Nikawaimbia kwamba Mai Mahiu kuna vibanda vizuri, wakapumzike huko na madereva wa malori. Huko nje walicheka, na akina mama wa kanisa wakapata nguvu, wakaanza kuitikia kwa kishindo. Hata wale wa kucha ndefu walishika mdundo.

"Imetosha sasa," shangazi alininong'oneza. "Tuwafungulie."

"Bado," nilisema. Komeo lilikuwa chini ya mkono wangu, na lango lilikuwa langu.

Nikaimba wimbo mwingine, na mwingine. Najua sasa kwamba nilipitiliza. Nilikuwa na furaha, basi, na mtu aliyekaa bila furaha hajui kipimo chake. Nilitaka waendelee kuniomba.

Kisha wakanyamaza. Tuliimba, hakuna aliyejibu. Tukarudia ubeti, kimya. Wanawake wakaanza kutazamana, nyimbo zikawafia mdomoni mmoja mmoja. Mimi naujua ukimya wa nyuma ya lango lile. Mlango wa nyumba ukafunguka na bibi harusi akatoka mbio, miguu mitupu, leso zinamdondoka, yeye ambaye hakutakiwa kuonekana kabisa.

"Auntie, wameenda?" aliuliza. "Mmewafukuza?"

Alinitazama mimi kwa sababu mkono wangu ndio uliokuwa kwenye komeo. Nilitaka kumwambia hapana, lakini sikujua. Nikalivuta komeo, likakataa, nikalipiga kwa kiganja mpaka likatoka.

Walikuwepo. Walikuwa wameketi ukingoni mwa barabara kwenye kivuli cha ua, wamevua viatu, wanapitishiana chupa za soda. Mzee wao mmoja aliinua mkono.

"Tulisema tuwaache mmalize," alisema. "Huyo mama yenu ako na nyimbo mob, haziishi."

Kila mtu akacheka. Bibi harusi alirudishwa ndani akiwa anacheka na kufuta macho. Mimi nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaelekea jikoni. Shangazi alinikamata mlangoni.

"Unaenda wapi? Kaa na watu."

Nikakaa na watu. Niliketi meza ya upande wa bibi harusi, nikapewa mbavu za mbuzi kwenye sahani isiyofunikwa. Mama mmoja wa wageni aliuliza mimi ni nani, na shangazi, mdomo umejaa, akajibu, "Ni wetu." Nilisikiliza hotuba nikiwa nimeketi. Nilipiga makofi. Mtoto wa mtu alilala magotini pangu na hakuna aliyekuja kumchukua. Nilikuwa nimekipata kile nilichokitaka, na nilikuwa najua kwamba nimekipata, jambo ambalo si kila mtu hubahatika.

Jua likianza kulegea, mpiga picha aliwaita watu mbele ya maua. Shangazi alikuwa amewasindikiza wazee kwenye mabasi. Nikasimama mahali nilipovutwa na akina mama wa kanisa, pembeni mwa bibi harusi, ambaye alikuwa ameinamishwa kichwa anarekebishwa kilemba.

"Sasa ni family pekee," alisema mpiga picha. Alitazama mstari mzima, akaniona nina leso tofauti. "Mathe, samahani, wewe ni nani kwa bibi harusi?"

Nilisubiri mtu aseme. Si kwamba walinikana, hapana. Walikuwa wanatabasamu kuelekea kamera.

"Mimi ni wa uwanja," nilisema.

"Sawa. Basi tusaidie kutoa hizo viti nyuma, zinaharibu picha."

Nikavitoa.

Baadaye shangazi alinitumia picha, kama wateja wengi wanavyofanya. Moja ilikuwa ya langoni. Niko katikati, mdomo wazi, mkono kwenye komeo, na wanawake wamenizunguka wanacheka. Niliiweka kwenye ukurasa wa biashara kwa sababu inaonyesha lango vizuri, ndivyo nilivyojiambia. Imeniletea wateja wengi.

Juzi dada mmoja wa Naivasha aliniandikia, anatafuta uwanja wa ruracio. Aliuliza kuhusu mahema, maegesho na vyoo. Kisha akaandika: "Na huyo mathe anaimba hapo kwa gate, anakuja na place ama ni wa hiyo familia? Tungependa kuwa naye, sisi ni wachache."

Ningeenda kuwaimbia langoni, Mungu anajua ningeenda. Nilianza kuandika kwamba anakuja na uwanja, nikayatazama maneno hayo, nikayafuta. Nikamjibu kwamba mahema yapo, maegesho yapo, vyoo ni safi, na kwamba huyo mama ni wa familia ile ya kwenye picha.