Gitaa Lisilochomekwa

Jirani yangu ni fundi wa mafriji, na jioni ana bendi ya muziki wa kuiga mawimbi ya bahari. Hauna mwimbaji, ni magitaa matupu, yanalia kama yamelowa. Ulivuma ujanani mwetu ukafa, sasa vijana wanautafuta tena, naye anatembea kama aliyeufufua yeye. Baharini hajawahi kutia hata kidole cha mguu. Kabla ya kila wimbo hulipiga teke sanduku la spika, springi za ndani, zile za kuleta mwangwi, zikanguruma kama radi, na vikombe kabatini kwetu vikatetemeka. Marehemu mke wangu alikuwa akimwuliza dirishani, "Shemeji, mwimbaji mmemfukuza au kawakimbia?" Naye alikuwa akijibu, "Tunakungoja wewe."

Tangu tumzike, wiki tano sasa, jirani ananiheshimu. Anapiga gitaa bila kulichomeka kwenye umeme. Nasikia nyuzi zikikwaruza nyuma ya ukuta kama panya, na wenzake watatu wakikohoa kwa adabu. Heshima hiyo ilikuwa inanimaliza. Jana nikaenda kumgongea mlango. Akatoka mbio, gitaa shingoni.

"Pole, kaka. Tumekusumbua?"

"Mmenisumbua. Chomeka."

"Watu watasemaje?"

"Watasema una bendi."

Tukaingia ndani, akachomeka. Mkono ule, unaofungua mashine za watu bila wasiwasi, ukakosea nyuzi mara tatu. Akaniangalia. Nikavuta kreti, nikakaa, nikawaambia waanze upya.