Kambambili Kando ya Shimo

Wanaosema ujane umenitia wazimu, waje hapa mtaani kwetu Jabe waulize. Hiki si kisa cha kuambiwa. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye meza yangu ya ndagala, dagaa wa kukaanga, macho yangu mawili yanaona, na aliyekuja alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa akizibua mabomba ya maji machafu chini ya barabara. Wazibuaji wana desturi moja: anayeshuka huacha kambambili zake, ndala za mpira, kando ya shimo. Ukiziona, unajua kuna mtu chini, hugusi ule mfuniko wa chuma. Hata walevi wa mtaa wetu wanalijua hilo.

Siku moja, mume wangu akiwa chini, mvua ikaanza, magari yakajazana yakipiga honi, na Shefu wao, msimamizi wa kazi, akataka barabara ifunguke upesi. Akazipiga teke zile kambambili mpaka mtaroni kabla vijana wake hawajafika, kisha akawaamuru wafunge shimo. Fundi viatu wa pale aliona yote, akaninong'oneza. Lakini nilipompeleka mbele ya wakubwa, akakana! Shefu naye, bila haya, akanijibu watu wanasikia: "Mama, bwana yako alikimbia. Yuko Uvira na mwanamuke mwingine. Kule chini tuliangalia, apana mutu."

Watu wakacheka. Mnaujua uchungu huo? Umekosa mume, umekosa hata maiti ya kuzika, halafu mtaa mzima unakucheka kwamba umeachwa! Nikaapa kwamba yule mtu hatakula raha.

Miezi ikapita. Basi alasiri moja, wingu limefunga lakini hata tone halijaanguka, akaja mteja amejifunika gunia kichwani, anachuruzika maji. Nikamwambia, "Karibu, ndagala ni za moto." Nikatazama chini. Miguu mitupu, na kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Ukucha ule niliutoa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, siku jiwe lilipomwangukia.

Alikuwa ni yeye, niaminini. Lakini nikimbie niende wapi, na huyu ndiye niliyekuwa nikimlilia?

"Nani aliondosha kambambili yangu?" akauliza. Sauti ilikuwa yake kabisa.

Ng'ambo ya barabara Shefu alikuwa amesimama, viatu vya ngozi vinang'aa, anawafokea vijana wake. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui. Nikanyoosha kidole.

"Ni ule pale. Mi nakupa, muchukue."

Akavuka. Nikainama kugeuza ndagala zisiungue, na nilipoinua macho, wote wawili hawapo. Vijana wakawa wanaulizana Shefu kaenda wapi. Fundi viatu, yuleyule aliyekana, ndiye aliyepiga yowe: viatu vya ngozi vimepangwa vizuri kando ya shimo, na mfuniko umefungwa!

Wakaufungua kwa nondo. Shefu alikuwa hai, maji yamemfika kifuani, amekumbatia mifupa yenye mkanda wa mume wangu. "Nilimufungia," alikuwa akirudia. "Ni mi nilimufungia."

Nikamzika mume wangu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Shefu sasa yuko kwa mama yake, mtaa wa Mutakura. Ukimvalisha viatu anapiga kelele kwamba vimejaa maji. Na mlango ukifungwa, mlango wowote ule, anaupiga ngumi: "Fungueni, kuna mutu ndani!" Nilikwenda kumsalimu mara moja. Nilipotoka, niliufunga mlango polepole, nikasimama nje nikasikiliza. Mnaniona mbaya? Nioneni tu.

Na wewe unayepita barabarani na haraka zako, ukikuta kambambili kando ya shimo, ziache zilivyo. Kama umeshaziondoa, usipite mbele ya meza yangu. Maana atarudi kuuliza, na kidole changu bado kinanyooka.