Picha ya Bibi Marieta

Mwamvita wa studio ya picha pale Dongobesh hakuwa mtu wa kukaa kimya. Ukija kupiga picha atakunyoosha kola, atakukemea ukinuna, na akimaliza atakuuliza habari za kwenu mpaka usahau ulichofuata. Lakini asubuhi ile alikuwa kimya, na aliyemnyamazisha ni printa.

Mbele yake alisimama Hilaria, binti wa Bibi Marieta wa Maretadu. Miaka kadhaa nyuma Hilaria aliondoka kwenda kuolewa Arusha bila kumuaga mama yake, na tangu hapo hawakusemezana. Sasa mama amefariki, mazishi ni alasiri hiyo hiyo, na binti hana hata picha moja ya kumbukumbu. Majirani walimwambia kuwa marehemu aliwahi kupigwa picha kwa Mwamvita siku ya mnada, akaahidi kuifuata mnada ujao, kisha akaugua. Ni kweli, picha ilikuwemo ndani ya kompyuta. Kuitoa sasa, hapo ndipo palipokuwa na shughuli.

Jana yake Mwamvita alikuwa ameiunganisha kompyuta na bando la simu ili apakue kaswida. Kumbe nayo ilikuwa na njaa yake! Ikala bando lote, ikajiapdeti, na ilipowaka tena haikuitambua printa. Kila akibofya, inamjibu kwamba printa haipo. Haipo vipi, na iko pale mezani, kubwa kama kreti la soda, taa inawaka?

Akazima, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Akaisugua printa kwa spiriti, maskini, kana kwamba tatizo ni uchafu. Ndipo akaikumbuka sidii ya draiva, ile inayoifundisha kompyuta kuongea na printa. Alikuwa ameshampa jirani yake Zita, kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na sidii nyingine kuukuu, azitundike shambani kufukuza ndege kwenye mtama. Mwamvita akatoka mbio. Aliikuta inaning'inia kwenye uzi, imebabuka kwa jua, imechubuliwa na mabua. Kompyuta iliionja mara moja, ikaitema.

Alibaki mtu mmoja tu wa kumuuliza, na Mwamvita hakutaka kumuuliza huyo hata saa: Selemani, mwenye studio Mbulu mjini, aliyemnyang'anya kazi ya kupiga picha wanafunzi. Walikuwa wakikutana kwenye shughuli za watu wanasalimiana kwa shingo upande. Mwamvita akamtazama Hilaria, amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Akameza kiburi chake, akapiga simu.

Selemani hakumsimanga. Alisema hata yeye yalimkuta hayo hayo, na draiva ya zamani anayo kwenye flashi. Akampa mtu wa bodaboda ailete, na ilipofika akapiga simu mwenyewe kumwelekeza: aifute kabisa printa kwenye kompyuta, achomoe waya, azime na kuwasha, aweke draiva na kuiambia kompyuta ijifanye bado ni ya zamani, kisha waya uje mwisho. Mwamvita, kwa pupa yake, akauchomeka waya mapema. Printa ikatoa karatasi ya pinki tupu. Wakaanza upya, na Selemani akarudia kila kitu kwa upole, kama vile hawajawahi kugombana.

Safari hii printa ilikohoa, ikavuta karatasi, ikaanza kumtoa Bibi Marieta polepole: kilemba, macho, kidevu. Mwamvita alisema alhamdulillahi kwa sauti. Akamshukuru Selemani mpaka jamaa mwenyewe akaona haya, na bifu lao likaishia hapo.

Hilaria aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaiangalia sana, kisha akaweka kidole kifuani pa mama yake.

"Hili sweta nilimtumia mimi, kwa basi. Hakunijibu. Nikajua amelitupa."

Mwamvita alivuta stuli, akakaa karibu naye.

"Mdogo wangu, siku ile jua lilikuwa kali, watu wanatoka jasho. Nilimwambia alivue, picha ipendeze. Akakataa katakata. Alisema picha hiyo anampelekea mtu, na huyo mtu lazima aone kwamba amelivaa."

Hilaria alilia pale pale kwenye benchi, akiiambia picha asante mama, asante mama, mpaka gari la kwenda Maretadu likampigia honi.