Fundi Aliyefeli kwa Makusudi

Wodi nzima ilimwita Mama Mtihani, naye alijifanya hajui. Alikuwa muuguzi mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha mtoto njiti haendi nyumbani na watu wasiojua wanachokibeba. Madaktari wakisema mtoto yuko tayari, yeye huitikia vizuri kabisa. Mtoto yuko tayari, sawa, na hao wenyewe je?

Basi huwatahini. Watu wawili kwa kila mtoto, maana mama naye ana macho mawili tu na lazima ayafumbe alale. Kupima dawa, kubandika mrija wa oksijeni puani, kumzindua mtoto pumzi ikikatika. Alikuwa na mwanasesere wa mpira aliyekatika sikio, na ole wake baba atakayemshika kama tochi. "Huyo ameshakushtaki polisi," angesema bila hata kupandisha sauti. "Anza upya." Wanaume na ndevu zao walitoka pale jasho likiwatiririka.

Sasa, katika watoto wa msimu ule alikuwamo mmoja aliyezaliwa na kilo moja kasoro, mapafu hayajakomaa. Wauguzi walimwita Mkurugenzi, kwa sababu akikohoa tu, chumba kizima kinasimama. Baada ya miezi mitatu alikuwa na kilo mbili na nusu, ananyonya, ana mashavu, na kilichobaki ni oksijeni kidogo tu ambayo angeendelea nayo nyumbani. Mtungi ulishapelekwa. Baba yake, dereva wa lori, alishafaulu mtihani kwa mkupuo mmoja na kumtangazia kila mwenye masikio, hadi mlinzi wa getini.

Aliyefeli ni mama yake. Mara ya kwanza alisahau kutoa hewa kwenye bomba la dawa. Mara ya pili alibandika mrija juu chini. Mara ya tatu aliulizwa nambari ya dharura akasema imemtoka kichwani, na nambari yenyewe imebandikwa ukutani, mbele ya pua yake.

Mama Mtihani alikuna kichwa. Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani, mtu wa kutunga uzi kwenye sindano huku anakuangalia wewe usoni. Vidole vile vishindwe na kibomba cha mililita moja? Aka! Lakini fomu ni fomu, hakuitia saini. Alimwambia watajaribu tena wiki ijayo. Na ajabu ni kwamba fundi hakununa hata kidogo. Alishukuru.

Siku iliyofuata Mama Mtihani alikuwa nyuma ya pazia akihesabu nepi, kazi aliyoichukia kupita zote, aliposikia sauti upande wa pili. Mama mmoja mgeni, aliyejifungua wiki iliyopita, alikuwa akihangaika na dawa ya mwanawe.

"Siyo hivyo, mwenzangu," fundi alikuwa akimwambia. "Simamisha bomba juu. Ligonge kwa ukucha. Umekiona hicho kipovu? Kitoe kwanza, la sivyo unampa mtoto upepo. Na siku wakikufundisha mrija, vile vijitundu viiname chini, vifuate pua inavyopinda." Kisha akamtajia nambari ya dharura, mara mbili, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Mama Mtihani alivuta pazia. "Hongera, mwalimu," alisema. "Umeajiriwa lini?"

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mgeni alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli muhimu sana chooni.

"Miaka kumi na tisa," Mama Mtihani aliendelea, akijivutia kiti, "nimeona waliofeli kwa woga, kwa usingizi, kwa kiburi. Mmoja alifeli kwa sababu alikuwa anatafuna. Wa makusudi ndiyo kwanza nakuona wewe. Nikuandikie cheti?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, wala hakujaribu kukizuia. "Naogopa, sista," alisema. "Hapa akibadilika kidogo tu kengele inalia, mnakuja mbio. Nyumbani kengele iko wapi? Nitakuwa nimeinamia cherehani, yeye nyuma yangu anaishiwa pumzi, kimya. Nikifeli anabaki hapa. Ndiyo maana nafeli."

Mama Mtihani alimpa nepi safi afute machozi. Moyo ulimuuma kwa ajili ya binti huyu. Lakini kitanda kile kilikuwa kinasubiriwa na mtoto mwingine, na Mkurugenzi hawezi kukulia wodini mpaka aote ndevu. "Kusanya vitu vyako," alisema. "Leo leo."

Mwisho wa korido palikuwa na chumba chenye kitanda cha kawaida, ambako familia hushinda na mtoto wao kana kwamba wako kwao. Mtungi ulisimama kwenye kona, mrija mrefu ukatambaa sakafuni hadi kitandani. Mama Mtihani aliigeuza mashine inayopima oksijeni mwilini mwa mtoto ili kioo chake akione yeye peke yake. "Nambari nitaangalia mimi," alisema. "Wewe mwangalie mwanao. Na usiniombe msaada, mikono nimeikalia."

Saa ya kwanza fundi alimkodolea mtoto macho hadi Mama Mtihani akamwomba apepese kidogo, asije akakauka. Saa ya pili alinyonyesha. Saa ya tatu akawa anakunja nguo kando ya dirisha, anaimbia puani, kitanda kiko nyuma yake. Mama Mtihani, ambaye macho yalishaanza kuchoka, alisogeza kiti mbele ili akione kioo vizuri. Tisini na sita. Safi kabisa.

Fundi akaacha kuimba. "Anapumua vingine," alisema.

"Tisini na sita," alijibu Mama Mtihani.

"Sijakuuliza nambari, sista."

Alishageuka, alishafika. Tundu za pua za Mkurugenzi zilikuwa zinatanuka, kifua kinavutika ndani. Mrija puani umekaa sawa, lakini hautoi kitu. Akaufuata kwa vidole kutoka shavuni, kitandani, hadi sakafuni, kama anayefuata mshono uliofumuka, mpaka akaukuta umebanwa na mguu wa kiti cha muuguzi.

"Inuka!" alifoka. "Inuka, mama, umekalia hewa ya mwanangu!"

Mama Mtihani aliruka. Fundi akaunyoosha mrija, akarudi kwa mtoto, akamweka kichwa sawa, akasubiri. Mashine nayo ndiyo kwanza ikaanza kulia, kwa kelele nyingi, na hakuna aliyeitazama. Taratibu pua ikatulia. Kifua kikatulia.

Mama Mtihani alikisukuma kiti hadi ukutani. Katika miaka yake yote hakuwahi kukanyaga mrija wa mtoto wa mtu. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia mashine."

Fundi alikuwa amempakata Mkurugenzi kifuani. Alimtazama muuguzi juu mpaka chini, bila haraka.

"Umefeli, sista," alisema. "Lete fomu. Sisi tunaenda nyumbani."